Mita Tu

Mimi ugomvi wangu na vipimo vya Nairobi ulianza siku ya kununua ploti. Broka anakwambia, "Hamsini kwa mia, mzee, thumuni ya ekari." Haya, ekari ina futi za mraba 43,560. Thumuni yake ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Hizo 445 ziko wapi? "Zimeingia barabarani." Barabara yenyewe iko wapi? Hapo simu ya broka inalia.

Sasa mama watoto anataka bustani. Nafasi iliyobaki ni pale mbele, kutoka mlangoni hadi geti futi 20. Upana wa huku mlangoni ni futi 30, wa kule getini 26, kwa sababu jirani alijenga akifuata roho yake. Chukua wastani, 28, zidisha kwa 20: futi za mraba 560. Hesabu ya darasa la sita.

Fundi wa bustani akaja bila tepu. Ana miguu ya korongo, na alitembea pale mbele akihesabu hatua kwa sauti. "Mkubwa, hii ni mita sabini." Mita gani? "Mita tu."

Nikaenda kwa muuza nyasi wa kando ya barabara, anauza nyasi aina ya Pemba kwa mita ya mraba. Kumpa zile 560, akatoa simu, akagawanya kwa 3.28, akapata 170 na ushei. Nikamwambia, ndugu yangu, 3.28 ni ya urefu. Eneo unagawanya kwa 10.76. Ni mita 52! Mara tatu ya nyasi nitazilaza wapi, sebuleni? Akaniangalia kwa huruma. "Kwani wewe ni mwalimu?"

Nyasi zenyewe haziwezi kukaa hivi hivi. Huku mtaani Utawala tuna ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha unakuvua viatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza simu. Kwa hiyo lazima uletewe udongo mwekundu. Nikasema nitandaze sentimita 15, yaani 52 mara 0.15, karibu mita 8 za ujazo. Nikampigia mwenye lori.

"Mita za ujazo? Mzee, mimi nauza lori."

Lori ni kiasi gani?

"Likijaa."

Likijaa linabeba kiasi gani?

"Si inategemea lori!"

Samadi nayo ni kwa pikapu, na hiyo pikapu inajazwa na kijana mwenye koleo ambaye hujui ameamka vipi. Kokoto ni kwa tani. Kabro, yale matofali ya kutandika uani, tunarudi kwa mita. Mwenye kupima kwa futi kama mimi, Nairobi hii hana wa kuongea naye.

Basi udongo ulipofika nikachukua tepu, nikapanda juu ya lori nipime bodi: urefu, upana, kina. Dereva kuniona, akazima injini, akavua kofia.

"Mkubwa," akasema, "kwani hatuwezi kuongea kando?"