Kina mama hawa wana historia ndefu

Asante mwandishi kwa habari ya kina mama Weusi wa tawi la Alpha Kappa Alpha, jumuiya ya wanawake waliosoma vyuo vikuu, hapa mjini kwetu, ila mngetueleza zaidi walikotoka. Jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1908 na wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Miaka ya 1930 walitumia likizo zao za kiangazi kwenda Mississippi kuwatibu wakulima maskini wa mashamba ya pamba, wakiongozwa na Dkt. Dorothy Boulding Ferebee. Wenye mashamba wakawakatalia watu wao kutoka kwenda kliniki. Basi kina dada wakapakia dawa na chanjo kwenye magari, wakawafuata watoto hukohuko mashambani kuwachanja ndui na dondakoo! Kila nikikumbuka hilo mwili unanisisimka.

Mimi nilifika Marekani na wanangu kutoka Uvira, baridi imekolea. Mama mmoja wa tawi hili, skafu ya waridi na kijani shingoni, alipiga magoti akamfungia kitinda mimba wangu zipu ya koti hadi kidevuni. Sijamsahau mpaka leo. Wahariri, tafadhali waandikeni wazee hawa wangali hai.