Weusi wa Joo Myung-duck si mapambo

Habari za upigaji picha wa Korea Kusini baada ya vita vya 1950 hadi 1953 huwapanga watu mafungu mawili: hawa wa kumbukumbu, wale wa sanaa. Fungu la kwanza hufunguliwa na Limb Eung-sik na picha yake ya 1953 iliyopigwa Myeongdong, Seoul. Kijana ameegemea ukuta, kofia kaishusha mpaka macho hayaonekani, na bango alilojifunga kwa kamba linasema gujik, yaani natafuta kazi. Nyuma yake wanaume wawili nadhifu wanapeana mikono. Ukikata upande ule ili ubaki na kijana peke yake, picha imekufa.

Mgawanyo huo unanishinda nikifika kwa mpiga picha Joo Myung-duck, aliyezaliwa 1940. Mwaka 1966 alionyesha Seoul picha za watoto wa kituo cha yatima cha Holt, wengi wao wana wa mama Wakorea na askari wa kigeni, watoto ambao jamii haikutaka kuwatazama. Hiyo ni kumbukumbu, hakuna ubishi. Baadaye akageukia milima na misitu, tena kwa picha nyeusi tititi, na ikaonekana kahamia sanaa. Kwangu hakuhama popote. Mtoto yule na kilima kile vinamdai mtazamaji kitu kimoja: asipite haraka. (Picha za misonobari za Mkorea mwenzake Bae Bien-U zinauzika zaidi, na mwanamuziki Elton John alinunua mojawapo, lakini zile hukupa kila zilichonacho mara moja.)

Weusi wa namna hii hauji kwa kuibania filamu mwanga. Ndipo wanaoiga wanapoharibikiwa: negativu, yaani filamu iliyosafishwa, inatoka nyepesi, kwenye vivuli inabaki plastiki tupu, na hakuna njia ya kurudisha kilichokosa kuingia. Ishibishe filamu mwanga: ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) ipime kama 200. Giza litafutwe kwenye chumba cha giza, wakati wa kuchapa picha.

Kata vipande vya karatasi ya kuchapia picha, uvimulike kupitia negativu sekunde 10, 14, 20 na 28. Chagua kile ambacho majani yanakaribia kuzama lakini bado yanahesabika, kisha rudi nyuma kidogo. Karatasi isiyo na plastiki hukolea ikikauka, kwa hiyo iliyokupendeza ikiwa mbichi kwa sekunde 20, ipe 18. Kosa jingine ni la jicho: chini ya taa nyekundu kila kitu huonekana cheusi kuliko kilivyo, mtu anaingiwa na hofu, anaitoa karatasi kwenye dawa ya kuitokezea picha baada ya dakika moja. Anapata kijivu cha tope. Iache dakika 3 kamili, na ukosoe muda wa mwanga, si wa dawa. Taa ya kukagulia nayo iwe ya kawaida kama ya sebuleni. Ukikagua chini ya taa kali utazidisha giza, na ukutani picha itakuwa kaa la mawe.

Kwenye simu kazi hizi zinaonewa. Faili likibanwa, vivuli ndivyo vinavyoliwa kwanza, na kioo kinakurudishia uso wako mwenyewe. Zima taa ya chumba, ongeza mwanga wa kioo, usikuze picha. Lipe jicho dakika moja au mbili lizoee: mashina huanza kujitenga, nyasi huja mwisho.