Kama una hela ya kununua sarafu ya dhahabu, angalia ya Tabora kwanza

Watu wakiongelea kuweka hela kwenye sarafu za dhahabu utasikia tu Krugerrand ya Afrika Kusini au pauni ya Mwingereza, na sio mbaya, ila mimi naumia nikiona Mtanzania anazijua hizo zote halafu hajawahi hata kusikia kwamba kuna sarafu ya dhahabu iliyotengenezwa hapa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916.

Ilikuwa vita ya kwanza ya dunia. Manowari za Mwingereza zimefunga pwani, pesa kutoka Ujerumani haiingii, serikali ya Schnee, gavana wa Mjerumani aliyekuwa anatawala huku kwetu, imeshahamia Tabora, na noti za dharura walizokuwa wanachapisha watu hawana imani nazo, maana karatasi ya serikali inayopigwa vitani nani anaitaka? Sasa dhahabu ilikuwepo, inatoka mgodi wa Sekenke kule Iramba, mafundi wapo, mashine za reli zipo, basi wakagonga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja tai wa Mjerumani, upande wa pili tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake, chini kuna mwaka na herufi T ya Tabora. Kwangu mimi hakuna sarafu nzuri kama hii Afrika nzima, na ukikumbuka imetoka karakana ya treni katikati ya vita unazidi kuiheshimu.

Zilitoka 16,198 tu basi. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia Tabora, habari ikaishia hapo.

Sasa tuje kwenye hela. Sarafu ina uzito wa gramu 7.168 na ni karati 18, maana yake robo tatu ndiyo dhahabu, yaani dhahabu yenyewe humo ndani ni kama gramu 5.4 hivi. Tuseme wakia moja (kama gramu 31.1) inauzwa dola 3,000, hiyo dhahabu thamani yake inakuwa kama dola 518. Lakini kwenye minada ya Ulaya na Marekani iliyo safi inaenda maelfu ya dola! Hiyo tofauti yote ni uchache na historia, na ndio maana mtu anayetaka dhahabu ya kupima kwa mzani tu namwambia wazi achukue Krugerrand, ile ina wakia moja kamili ya dhahabu na unaiuza popote kwa bei ya siku. Ya Tabora ni ya mtu mwenye subira, kwa sababu ukitaka kuiuza haraka huku kwetu utapata shida, wanunuzi wenyewe wako nje na dalali wa mnada naye anakata chake.

Na feki zipo nyingi jamani. Usinunue kwa picha ya WhatsApp, nunua iliyopimwa na kuwekwa kwenye kasha lenye cheti cha NGC au PCGS, kampuni za Marekani zinazohakiki sarafu, halafu jifunze kidogo zile aina mbili, maana kuna ambazo ncha ya pambo pembeni inaishia chini ya herufi A ya neno Ostafrika na nyingine inaishia chini ya T, wakusanyaji wanazitofautisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sonara wa kawaida akiletewa hii kitu ataiweka kwenye mzani, atakata bei ya karati 18, jioni imeshakuwa hereni. Kwa hiyo kama bibi au babu yako aliacha sarafu yenye tembo kwenye sanduku, tafadhali usiiyeyushe, na wala usiisugue ing'ae, iache na uchafu wake hivyo hivyo, mnunuzi anayejua akiona mikwaruzo ya kusuguliwa anashusha bei hapo hapo.