Kabla ya kushika spana, hesabu mlio wa cheni

Kuna tabia ya wenye pikipiki inayonikera, na naisema nikiwa mtuhumiwa namba moja. Nyuma kukianza kulia tu, mkono unakimbilia spana. Nati ya ekseli inalegezwa, vikaza cheni vinazungushwa, nati inarudishwa, safari inaendelea. Mlio ukipungua tunajipongeza. Usipopungua, tunakaza tena.

Mimi nilikaza hivyo mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Cheni iliacha kugonga ikaanza kuvuma, sauti nyembamba iliyopanda kadiri mwendo ulivyopanda. Nikaisingizia injini. Baadaye oili ikaanza kuchuruzika nyuma ya sproketi ndogo, lile gurudumu la meno la mbele linalovuta cheni, na fundi aliyefungua kava akanionyesha sili, mpira wa kuzuia oili isivuje, iliyokwisha na shafti inayocheza kwenye beringi yake. Na kule kugonga kwa mwanzo? Pingili mbili zilizokakamaa kwa kutu. Mafuta ya taa, brashi na nusu saa ya kuzikunjakunja vingetosha.

Tangu siku hiyo naamini kwamba sikio peke yake halifai kutegemewa kwenye cheni. Sauti inaruka. Inapita kwenye fremu, inagonga kava, inakufikia miguuni ukiwa umeshahukumu kuwa imetoka pengine. Lakini mpigo wake haudanganyi, kwa sababu kila kitu kinachozunguka pale kina kasi yake.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gia huru, gurudumu la nyuma lielee. Piga alama ya chaki ubavuni mwa tairi na nyingine kwenye pingili moja ya cheni. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Injini iwe imezimwa! Wapo wanaoiwasha na kuingiza gia ya kwanza ili cheni ijizungushe yenyewe wakati wao wanaipaka mafuta, na kidole kikishaingia kati ya cheni na meno, hakuna wa kukitoa salama.

Sasa hesabu. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14, ya nyuma 42, na cheni ina pingili 112. Gurudumu likizunguka mara moja, sproketi ya mbele imeshazunguka mara tatu. Cheni ndiyo mvivu wa kundi: gurudumu linapaswa kuzunguka mara mbili na theluthi mbili ndipo pingili yenye chaki irudi ilipoanzia. Yako itakuwa na namba nyingine, lakini hesabu ni ile ile: gawanya pingili kwa meno ya nyuma.

Mlio unaokuja kila alama ya tairi inapopita, usiulizie cheni. Tazama sproketi kubwa: jino lililopinda, boliti iliyolegea, au sproketi yenyewe imekaa upande. Huenda ni breki inayogusa sehemu moja tu. Mlio unaokuja mara tatu kwa kila mzunguko wa gurudumu unatoka mbele, na hapo fungua kava kabla ya jambo lolote, kwa sababu mara nyingi utakuta matope na grisi vimegandamana kama simenti, na nyuma yake sproketi imelegea kwenye shafti. Ukiona mlio unafuata chaki ya pingili na kuipuuza ya tairi, ugonjwa uko kwenye cheni. Usishangae ukiusikia mara mbili katika mzunguko mmoja wa cheni: pingili iliyokakamaa inalazimishwa kujikunja mbele, halafu inalazimishwa tena nyuma.

Kama mlio hauna mpigo, ni mkwaruzo usiokatika, acha kuhesabu. Cheni kavu hukwaruza hivyo. Sproketi mbili zisizo kwenye mstari mmoja pia, na hizo utazijua kwa kuona ubavu wa meno umeng'arishwa upande mmoja. Alama zilizochongwa kwenye mkono wa nyuma, ule wa chuma unaoshika ekseli ya gurudumu, hazitoshi kukuhakikishia mstari. Mimi huchuchumaa nyuma na kuchungulia cheni kwa jicho moja, kama fundi seremala anayekagua ubao. Na ikiwa bado huna uhakika, vua cheni, zungusha gurudumu peke yake. Likiendelea kunguruma, umekuwa ukiisingizia cheni makosa ya beringi.

Kuna kelele nyingine inayowaponza wengi: kile kishindo kimoja unapofungua mafuta au kuyafunga ghafla. Cheni iliyolegea huleta kishindo hicho, kweli. Lakini kwenye pikipiki nyingi, kati ya sproketi kubwa na habu, yaani kitovu cha gurudumu, kuna vipande vya mpira vya kupokea mshtuko, na vikichakaa sproketi inacheza kabla gurudumu halijasogea. Shika gurudumu lisitembee, kisha jaribu kuisukuma sproketi mbele na nyuma. Ikicheza waziwazi, hata ukaze cheni mpaka ilie kama gitaa, kishindo kitabaki.

Nirudi kwenye kukaza, maana ndiko ugomvi wangu uliko. Cheni hulegea na kubana kila gurudumu la nyuma linapopanda na kushuka. Shafti ya sproketi ndogo iko mahali pamoja, pini ya mkono wa nyuma iko nyuma yake kidogo, na ekseli iko mwisho. Vitu hivyo vitatu vinapolala kwenye mstari mmoja, umbali kati ya sproketi mbili ndio mrefu kuliko wakati wowote. Kwa hiyo cheni uliyoikuta na ulegevu mzuri pikipiki ikiwa tupu, itabana ukikaa na abiria ukaingia kwenye shimo. Ukiwa umeshaikaza mpaka imenyooka kama rula, hakuna ulegevu wa kuazima. Mvuto wote unakwenda kwenye beringi. Vitabu vya pikipiki ndogo za barabarani kwa kawaida hutaja milimita 20 hadi 30 za kupanda na kushuka, zikipimwa katikati ya upande wa chini, na za porini hutaja zaidi. Fuata kitabu cha yako, na upime pale cheni inapobana kuliko kwingine, kwa sababu cheni iliyotumika haibani sawasawa pande zote. Ukirekebisha penye ulegevu, penye kubana patakuumiza.

Tofauti hiyo ya kubana na kulegea ndiyo inayonifanya niikatie tamaa cheni, kuliko kelele yoyote. Tunasema cheni imerefuka, ilhali vyuma vyake havijavutika. Kilichotokea ni kwamba pini na bushi zimelana, kila kiungo kikaongeza upana wa unywele. Cheni ya saizi ya 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, hivyo pingili 20 zikivutwa zinyooke ni milimita 254. Mimi nikisoma 257 naanza kutenga fedha. Ikifika 259, ambayo ni karibu asilimia 2, naivua bila mjadala. Asiye na rula aishike cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuivuta: ikiachana na jino kiasi cha kuonyesha nusu yake, imekwisha.

Watu husema badilisha vyote vitatu pamoja, cheni na sproketi mbili. Naafiki kwa sehemu kubwa. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka kama pezi la papa huanza kulia siku ile ile, na huchakaa kabla ya wakati wake. Ila sproketi ndogo ina meno 14 yanayofanya kazi ileile ya yale 42, kila jino likipigwa mara tatu zaidi, kwa hiyo si dhambi kuibadilisha peke yake mapema, wakati cheni bado inapimika vizuri. Atakayesema huo ni ubahili na aje na rula yake.

Kuhusu mafuta sina mengi. Paka baada ya safari, cheni ikiwa na joto, upande wa ndani wa mkondo wa chini, uache ikae. Kama cheni ina vipete vya mpira kwenye pingili, usiioshe kwa petroli. Na ukikuta cheni inalia baada ya kufungwa upya, kabla ya kulaumu chochote tazama klipu ya kiungo chake: upande uliozibwa unapaswa kutangulia kule cheni inakoelekea. Niliwahi kuikuta imegeuzwa, ikigusa kava kwa kila mzunguko wa cheni. Mwenye pikipiki alikuwa ameshaikaza mara mbili.