Kabla ya Kununua Kopo la Kuzuia Saratani, Chambua Karanga Zako

Ukipanda basi la Tabora kwenda Nzega siku hizi, hamjafika mbali mtu anasimama katikati ya viti na kuanza kunadi. Zamani walinadi dawa za minyoo na za mgongo. Sasa wananadi kinga ya saratani: unga wa mlonge, vidonge vya manjano, mafuta ya habasoda, makopo yenye picha ya karoti na maandishi madogo ambayo hakuna abiria anayeyasoma. Shangazi yangu, mama wa Isevya asiyetupa shilingi ovyo, alinunua kopo kwa fedha ambazo zingempa unga wa mwezi mzima. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, uliona mwenyewe alivyoteseka shangazi yako mkubwa. Mimi nikae tu nisubiri zamu yangu?"

Swali lake ni la haki. Shirika la Afya Duniani linasema saratani kati ya asilimia 30 na 50 zinaweza kuzuilika, na chakula ni sehemu ya kinga hiyo. Mimea kweli ina kemikali zinazosaidia mwili kujilinda. Ninachopinga ni wazo kwamba kemikali hizo ukizikamua, ukazikausha na kuzitia kwenye kidonge, basi umeipata kinga yenyewe. Na kwa sisi wa Tabora nina hoja nyingine nzito zaidi: tunatafuta cha kuongeza mwilini wakati kuna sumu tunayokula kila wiki ambayo hatujaiondoa.

Nianze na chungu cha nsansa. Majani ya kunde yamechemshwa msimu wa mvua, yakaanikwa, yakawekwa. Kiangazi kikifika na bustani zimekauka, unayaloweka, unayachemsha hadi yalainike, halafu unamimina karanga zilizotwangwa na kukoroga taratibu mpaka mafuta yaanze kuelea juu na jikoni kunukie. Ugali ukiwa tayari, hakuna anayeuliza nyama iko wapi. Kwa jicho la lishe chungu hicho ni utajiri. Majani yana klorofili, ile rangi ya kijani. Yana beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta ya karanga ndiyo yanayousaidia mwili kuifyonza. Yana nyuzinyuzi. Bibi zetu waliunga mboga kwa karanga kwa sababu ya utamu, na utamu ule ulikuwa na akili ndani yake. (Anayekausha majani ayaanike kivulini penye upepo, jua kali linaiharibu sana beta-karotini.)

Sasa geukia karanga zenyewe. Hapa Tabora karanga nyingi hung'olewa mvua zikiwa bado hazijakatika. Zikirundikwa na maji yake, au zikaanikwa juu ya ardhi tupu, au mtu akazimwagia maji ili maganda yalainike apate kumenya haraka, kuvu huota. Kuvu huyo hutengeneza sumukuvu, na aina iliyo mbaya kuliko zote inaitwa aflatoksini. Dunia iliijua kwa hasara: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na wachunguzi walipofuatilia walikuta chakula chao kilichanganywa na mashudu ya karanga kutoka Brazili. Kwetu hapa, mwaka 2016, watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, mengi yakiwa ya shambani kwao na ya ghala la nyumbani.

Hao ni waliokula nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo miaka nenda rudi haugui siku ile. Aflatoksini ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya seli na kuviharibu, na ndivyo saratani ya ini inavyopata mlango. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari inapanda maradufu ya maradufu. Na kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga kunaipunguza tu, hakuimalizi.

Kwa hiyo kinga na sumu vinaweza kukutana katika chungu kile kile cha nsansa, na jambo hili limechunguzwa na wanasayansi. Huko Qidong, China, sehemu iliyokuwa na saratani ya ini nyingi kupita kiasi, watu 180 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vidonge vya klorofilini, ambayo hutokana na klorofili ya majani, miligramu 100 mara tatu kwa siku pamoja na chakula, kwa miezi minne. Kundi jingine lilipewa vidonge visivyo na kitu. Mwaka 2001 matokeo yakatoka: kwa waliopewa klorofilini, alama ya madhara ya aflatoksini kwenye mkojo ilikuwa chini kwa asilimia 55. Klorofilini hiyo inaikamata sumu tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

Wauzaji wa unga wa majani wangeujua utafiti huu wangeunadi mpaka sauti ziwakauke. Lakini tusome Qidong yote. Vifo vya saratani ya ini kule vilipungua sana, na wachunguzi wanasema sababu kubwa ni kwamba kuanzia miaka ya 1980 watu waliacha kula mahindi yenye kuvu wakahamia kwenye wali. Sumu ilitoka kwenye sahani. Kidonge kilipunguza madhara yake. Kubadilisha chakula kuliiondoa kwenye mlo wa watu wa kila siku, bila mtu yeyote kumeza kidonge.

Ndiyo maana nasema tuchambue karanga. Zimwage kwenye ungo, mchana, si kwa mwanga wa koroboi. Toa iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyobadilika rangi, iliyoota. Ukiitafuna moja ukasikia uchungu, iteme. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye punje chache mbovu, na ukizitoa hizo umefanya kazi kubwa kuliko kopo la shangazi. Uanikaji ufanyike juu ya turubai, maganda yamenywe yakiwa makavu. Na punje ulizozitoa zitupwe kabisa. Tabia inayoniuma ni ile ya kuchagua nzuri za kuuza zikiwa nzima na kupeleka mashineni zile mbovu, kwa kuwa kwenye unga hazionekani. Unga huo ndio tunaoungia mboga ya watoto na kuwakorogea uji. Mimi sinunui karanga zilizosagwa tayari nisizozijua. Nanunua sado ya nzima, nachambua, ndipo napeleka kusaga.

Nirudi kwenye vidonge, maana kuna kisa ambacho mkoa unaolima tumbaku kama wetu unapaswa kukijua kuliko mikoa yote. Wanasayansi walikuwa wameona kwamba watu wanaokula mboga na matunda yenye beta-karotini nyingi hawaugui sana saratani ya mapafu. Wakasema basi tuwape wavutaji sigara beta-karotini yenyewe. Nchini Finland walichukua wanaume 29,133, wote wavutaji, na baadhi yao wakapewa miligramu 20 kila siku. Mwaka 1994 matokeo yalitangazwa: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Marekani walikuwa na utafiti kama huo wenye watu zaidi ya 18,000, wavutaji na waliofanya kazi penye asbesto (madini ambayo vumbi lake huleta saratani), wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake, kwa sababu saratani za mapafu zilikuwa zimezidi kwa asilimia 28. Baadaye vitamini E nayo ikapimwa kwa wanaume zaidi ya 35,000, na mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini hiyo peke yake walikuwa na saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17.

Embe bolibo haimdhuru mtu. Matembele hayamdhuru mtu. Kitu kile kile, kikitenganishwa na wenzake na kupewa kwa wingi ambao sahani haiwezi kuufikia, kinaweza kugeuka. Kwa hiyo mzee wa Urambo anayevuta sigara na kumeza kidonge cha karoti ili asipate saratani anajiongezea mzigo juu ya mzigo. Anachohitaji ni msaada wa kuacha sigara, na msaada huo hauuzwi kwenye basi.

Kwenye nyuzinyuzi nina matumaini zaidi, kwa sababu ushahidi wake umesimama muda mrefu na mwanzo wake uko hapa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika aliowahudumia huku ikiwaua wengi Uingereza. Miaka ya 1970 akaanza kuhubiri kwamba tofauti ni chakula kisichokobolewa. Mwaka 2003 utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 za Ulaya ukaonyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi kabisa walikuwa na hatari ndogo ya saratani hiyo kwa takriban robo, wakilinganishwa na waliokula kidogo kabisa. Bakteria wa tumboni huzichachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi inayolisha seli za utumbo, na choo nacho hakikai muda mrefu.

Wakati wazungu wanarudi kwenye dona, sisi tunaikimbilia sembe. Nyumba nyingi mjini dona inaonekana ni chakula cha shule ya bweni. Rudisheni dona, maharage, kunde, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kwa chai ya asubuhi badala ya maandazi. Ila dona iwe ya mahindi safi, hapa sitalegeza: kuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na ukoboaji huondoa sehemu kubwa ya sumu. Mahindi ukiyatilia shaka, dona yake ni mbaya kuliko sembe yake.

Mengine kwa kifupi. Nyanya zina likopini, ile rangi nyekundu, na mwili huipata vizuri zaidi nyanya zikiivishwa kwa mafuta, kwa hiyo rosti ya nyumbani inatosha. Manjano ina kurkumini inayofanya mambo ya ajabu kwenye maabara, lakini utumbo wa binadamu huifyonza kidogo mno. Tieni kwenye mboga kwa raha yake. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ziko kundi la kwanza tangu 2015, kundi lile lile la aflatoksini na sigara, ingawa ukubwa wa hatari haulingani. Pombe iko humo pia, na wanzuki ni pombe hata kama imetokana na asali. Asali yenyewe naipenda na ninajivunia kwamba Tabora inajulikana nayo, lakini karibu sehemu nne kati ya tano zake ni sukari, na anayeiuza kama kinga ya saratani hana ushahidi wa watu waliokingwa.

Kisha kuna saratani ambazo hakuna chungu kitakachozizuia. Ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, husababishwa na kirusi, na chanjo yake inatolewa bure kwa wasichana. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mama anayemnyima binti yake chanjo hiyo kisha akamnunulia mlonge amechagua vibaya, na namwambia hivyo kwa upendo. Na mwenye uvimbe usiopona au damu isiyo ya kawaida aende hospitali wiki hii. Mlonge usimcheleweshe kufika Bugando.

Nina madai matatu kwa viongozi wa mkoa. Tumbaku yetu ina vyama vya msingi vya ushirika, ina mabani ya kukaushia, na inapangwa kwa madaraja kabla ya kupata bei, yote hayo kwa ajili ya jani ambalo likichomwa linaleta saratani. Karanga, ambazo tunawapa watoto, zinapimwa kwa debe na kufungwa kwenye gunia bila mtu kuuliza unyevu wake. Kiwango cha Afrika Mashariki kipo, aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, lakini kiwango hicho hakifiki mnadani Igalula. Kabla ya mavuno yajayo kila ghala la chama cha msingi Uyui, Sikonge na Urambo liwe na kipimo cha unyevu na mtu aliyefundishwa kukitumia. Turubai ziingizwe kwenye pembejeo za mkopo kama mbolea ya tumbaku inavyoingizwa. Na mkulima aliyekausha vizuri alipwe zaidi kwa gunia lake, bei ikitangazwa mapema, kabla hajang'oa.