Mahali pa kukaa bila kununua kitu

Jumamosi iliyopita nilikaa muda mrefu kwenye benchi ndani ya Southdale, moli kubwa ya hapa Edina, kitongoji kilicho kusini-magharibi mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na sikununua hata peremende. Mke wangu alikuwa na miadi ya daktari wa meno jirani na hapo, nje baridi inakata masikio, nikamwambia nitamngojea ndani kwenye joto. Kando yangu akaja mzee mmoja wa Kizungu. Akavua mabuti yake ya theluji, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akatoa raba begini, akazifunga kamba taratibu, kisha akaanza kuzunguka korido kwa mazoezi. Mfuko wa mabuti aliuacha chini ya benchi. Kila akizunguka ananipungia mkono. Askari wa moli naye akapita, akatusalimu, akaenda zake.

Ni hilo tu. Lakini nilipolieleza kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, binamu yangu wa Kisauni, Mombasa, akanirukia: "Kwani siku hizi hata kukaa kwenye benchi ni maendeleo? Wazungu wamekuroga." Wengine wakacheka. Basi nimeona nijibu kwa kirefu.

Ndiyo, kaka. Kukaa kwenye benchi ni maendeleo.

Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho nilimpeleka mamangu kwenye moli moja ya upande wa Nyali. Goti lake mnalijua. Mlangoni tukakaguliwa, mkoba ukafunguliwa, sawa. Ndani kunang'aa, kunanukia, kiyoyozi kinapuliza. Tulipotoka duka la pili mama akasema, "Nataka kukaa kidogo." Tukatafuta. Chini hamna, juu hamna. Viti vyote ni vya mikahawa, na ukikaribia tu kijana keshafika na menyu. Mama akajiegemeza kwenye ukingo wa saruji unaozunguka maua, na kabla hajatua vizuri askari akaja, kwa adabu, lakini akaja: "Samahani mama, hapo hapakaliwi." Simlaumu yule kijana. Ametumwa, na mshahara wake sote twaujua. Tukaishia mkahawani, tukaagiza juisi ya embe kwa bei ambayo pale soko la Kongowea ungebeba maembe ya nyumba nzima. Mama hakuinywa. Alisema yeye hakuja kununua kiti.

Sasa mniambie mimi ndiye ninayejiona.

Hii Southdale ina historia inayofaa kujulikana na kila anayechora majengo kwetu. Ilifunguliwa Oktoba 1956, nayo ndiyo iliyoanzisha mtindo huu wa moli iliyofunikwa yote, joto lake moja mwaka mzima, kama nyuzi 24 hivi. Aliyeichora ni Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyeikimbia Austria mwaka 1938 Wanazi walipoingia. Pesa zilitoka kwa akina Dayton, wenye duka kubwa la mjini Minneapolis. Kampuni yao hiyohiyo ndiyo baadaye ikaanzisha maduka ya Target. Walitumia dola milioni 20, wakaweka maduka 72 na nafasi za magari zaidi ya 5,000. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: Minnesota ina siku 126 tu kwa mwaka ambazo hali ya hewa inamfaa mtu kuzungukia maduka kwa raha. Zilizobaki ni theluji, mvua au joto la kuchosha. Kwa hiyo wakaifunika mitaa.

Lakini Gruen hakutaka kufunika maduka peke yake. Alikuwa akiukumbuka mji wake, viwanja vyake, watu wakikaa, wakitazamana, wakizungumza. Katikati ya Southdale aliweka uwanja mkubwa wenye mwanga wa juu, tundu refu la ndege, bwawa la samaki, sanamu zenye umbo la miti za msanii Harry Bertoia, meza za kahawa, na mahali pa kukaa. Pembezoni alichora nyumba, shule, bustani, mpaka ziwa. Mengi ya hayo hayakujengwa alivyoyachora. Yaliyomzidi nguvu ni maegesho ya magari. Uzeeni Gruen alirudi Vienna, na alizikana moli zote zilizoigwa kwake, akasema hataki kuhesabiwa kuwa baba yao. Namwelewa sana mtu huyo. Alitaka kiwanja cha mji, waigaji wakachukua maduka na maegesho.

Sisi nasi tukawa miongoni mwa waigaji. Sarit Centre ilitangulia pale Westlands, Nairobi, mwaka 1983, zikafuata nyingine, hadi leo kila mji wenye lami una jengo la vioo linaloitwa moli. Kinachoniuma ni kwamba Gruen alihangaika huku ng'ambo kutafuta namna ya kuwapa watu wa Minnesota kitu ambacho sisi wa pwani tulikuwa nacho tayari.

Nendeni Kibokoni, nendeni Kuze, pale Mji wa Kale wa Mombasa, nendeni Lamu. Mbele ya nyumba, kwenye daka, kuna baraza la mawe lililojengwa pamoja na ukuta. Mwenye nyumba alipokuwa akijenga, kabla hajaweka mlango, alishamfikiria mpita njia. Anayekaa hapo haulizwi anafanya nini. Muuza kahawa anapita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Ukitaka unanunua, usipotaka unaendelea na mazungumzo yako. Wazee wanacheza bao. Mtoto ametumwa dukani anapumzika. Mgeni aliyepotea anaelekezwa. Hakuna aliyewahi kuniletea menyu barazani kwa marehemu babu yangu, na wallahi mtu angeambiwa "hapo hapakaliwi" pale, babu angeona ni matusi kwa ukoo mzima.

Kwa hiyo mnaposema nawasifu Wazungu, mnanikosea. Nawasifu babu zetu. Ninachosema ni kwamba mzee wa Kizungu wa Edina leo ana baraza, na mamangu, binti wa Mji wa Kale, kwenye moli ya mjini kwao hana.

Najua majibu yanayokuja.

Kuna atakayesema, "Hata huko ni mali ya mtu, wanaweza kukufukuza." Ni kweli, na sifichi. Mall of America, ile kubwa zaidi iliyofunguliwa 1992 huko Bloomington, jirani tu na hapa, iliweka sheria mwaka 1996 kwamba vijana chini ya miaka 16 wasiingie jioni za Ijumaa na Jumamosi bila mtu mzima. Na mwaka 1999 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo hili iliamua kwamba haki ya kusema unalotaka hailindwi ndani ya moli ile, maana ni mali binafsi. Waandamanaji waliokuwa wakipinga humo biashara ya manyoya ya wanyama ndio waliogundua hivyo. Baraza lina heshima ambayo moli haitaifikia kamwe, hilo ninalikubali kwa moyo wote. Ila mgonjwa wa goti haulizii katiba. Anauliza pa kukaa, na hapa anapata, na choo safi anapata bila shilingi kumi mkononi, na maji ya kunywa yanatoka kwenye bomba la ukutani.

Mwingine atasema, "Mabenchi yao ni mtego wa biashara." Bila shaka! Akina Dayton hawakuwa wakigawa sadaka. Walijua mtu aliyepumzika huzunguka tena, na aliyechoka hurudi nyumbani. Mamangu alikuwa na pesa za vitenge viwili na sufuria mkobani. Alirudi nazo. Nani aliyepata hasara hapo?

Wa tatu, na huyu namheshimu, atanikumbusha Septemba 2013. Nani kati yetu atasahau shambulio la kigaidi kwenye moli ya Westgate, Nairobi? Mimi silalamikii ukaguzi wa mlangoni, tena napenda ufanywe vizuri kuliko unavyofanywa. Lakini tukishakaguliwa mlangoni, mikoba ikapekuliwa, mwili ukapapaswa, sisi ni watu salama. Kumzuia bibi kukaa ndani hakumzuii mhalifu yeyote.

Halafu kuna lile la "watu wetu hawana ustaarabu, wataweka vitanda pale, watauza karanga." Hili ndilo linanikera kuliko yote, kwa sababu tunalisema wenyewe juu yetu wenyewe. Bustani ya Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, ilipotengenezwa upya na kufunguliwa 2019, mlisema hivyohivyo. Je, ikawaje? Kila jioni imejaa. Familia zinakula mihogo ya pilipili na ndimu, watoto wanakimbia, wazee wanatazama meli zikiingia bandarini. Watu wetu wakipewa mahali, wanapapenda. Nilipokaa pale na mama siku moja kabla ya kuondoka, hakuna aliyekuwa na haraka ya kutuinua.

Na wale wanaosema moli zenyewe zinakufa huku Marekani, ndiyo, nyingi zinakufa. Southdale nayo ilitikiswa. Duka la JCPenney lilifungwa, na tangu 2019 mahali pake pana ukumbi mkubwa wa mazoezi wa Life Time. Maduka yanakuja na kuondoka. Uwanja wa katikati ungali upo, na wazee wangali wanazunguka humo kila asubuhi ya baridi, wanakutana, wanaulizana hali. Sasa sisi tunajenga zetu mpya leo, tukiwa na mfano wa waliotangulia mbele ya macho, na bado tunaacha kitu pekee kilichowafaa.

Wala siombi makubwa. Siombi bwawa la samaki. Mabenchi kadhaa kila ghorofa, karibu na lifti na karibu na vyoo, ambapo mzee, mjamzito, mwenye mtoto mgongoni anaweza kukaa bila kuonyesha risiti. Ukingo wa maua ujengwe upana na urefu wa kukalika, kama mafundi wa Mji wa Kale walivyojua kujenga. Ramani za majengo hupitishwa na kaunti. Kaunti inaweza kulitaka hilo kama inavyotaka ngazi za dharura.

Binamu, wewe unayenicheka uko hapo hapo Kisauni, na siku hizi kila mradi mkubwa hutangazwa gazetini wananchi watoe maoni. Tangazo la moli inayofuata likitoka, nipigie picha unitumie. Mimi nitaandika barua yangu kutoka huku, na wewe uandike yako, tuulize kwa majina yetu: viti vya bure viko wapi kwenye ramani hii, na ni vingapi?