Wamemchukua Mtu Wangu

Mpwa wangu alinionya mapema. "Mjomba, huu mchezo wa kompyuta, Civilization VI, siyo mpira. Anza na ngazi ya Prince, pale wewe na kompyuta mnapewa sawa." Nikaitazama orodha: ngazi 8 za ugumu, Settler chini kabisa, Deity juu kabisa. Mtu mzima mwenye mke na TIN namba nianzie katikati na watoto? Nikabonyeza Deity.

Nilidhani huko juu kompyuta inaongezewa akili. Wapi! Akili ni ileile, inachoongezewa ni mtaji. Mimi nilianza na kundi 1 la walowezi na askari 1 wa rungu. Mwenzangu akapewa makundi 3 ya walowezi, askari 5 na mafundi 2, na kila askari wake akipigana anaongezewa nguvu 4. Ni kama wewe umefungua genge la nyanya, jirani yako kafungua Kariakoo.

Nilikuwa nimechagua Kongo ya mfalme Mvemba a Nzinga, kwa ajili ya askari wao aitwaye Ngao Mbeba. Sisi tungesema mbeba ngao, lakini vita haingoji sarufi. Kumpata huyo lazima kwanza ujue kufua chuma. Mimi bado nilikuwa najifunza kufuga.

Zamu ya kumi na kitu, akatokea huyo mwenzangu, Montezuma wa Waazteki, na askari wake wa Tai. Hao Tai wana tabia yao: wakimshinda askari wako, wanaweza kumteka na kumfanya fundi wao. Wakamzingira mtu wangu kando ya mto. Mara namwona huyoo, anaondoka nao, anakwenda kumlimia Montezuma shamba. Askari wangu wa pekee!

Nilisahau kwamba ni saa saba usiku. Nilisahau pia kwamba chumba cha pili kalala mama mkwe, kaja kututembelea kutoka Tanga.

"Wamemchukua! Jamani, wamemchukua mtu wangu!"

Mlango ukafunguka. Mama mkwe huyo hapo, kajitanda khanga, mkononi kashika mchi wa kinu. Na mimi kifua wazi, bukta ya kulalia, waya za masikioni zinaning'inia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kachukuliwa?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza yote, hadi walowezi. Alinisikiliza hajaushusha ule mchi.

"Wao watano, wewe mmoja?"

"Ndiyo, mama."

"Nani kakupangia hivyo?"

"Nimechagua mwenyewe."

Akanyamaza. Akatazama kwenye kioo, Tai walikuwa wanaingia mji wangu, Mbanza Kongo, taratibu kama wageni wa harusi. Kisha akanitazama mimi, kuanzia bukta kwenda juu. Nadhani alikuwa anaihesabu upya ile mahari.

"Lala, mwanangu," akasema, kwa sauti ile anayosemeshwa mgonjwa.

Usiku wa pili nilivaa shati kabisa. Nimefika kwenye orodha ile ile, mama mkwe akapita na kikombe chake cha maji, akachungulia.

"Leo wako wangapi?"

"Leo sawa kwa sawa, mama. Prince."

"Haya, afadhali."

Nikasubiri mlango wake ufunge. Nikasikia kitasa. Ndipo nikateremsha polepole, Warlord, Chieftain, hadi Settler.